Ova taimu Mombasa: jua kwanza saa yako moja ni shilingi ngapi, halafu ndo udai

Watu wengi hapa Mombasa wakisema "nimelipwa ova taimu" wamaanisha wamepewa mia tano jioni, au elfu mbili juu ya mshahara mwisho wa mwezi, na hakuna ajuaye hio hesabu imetoka wapi. Kwa maoni yangu mimi, hii pesa mara nyingi haipotei kwa sababu bosi amekataa kulipa, kulipa hulipa, inapotea kwa sababu mfanyakazi hajui saa yake moja ni shilingi ngapi, kwa hivo akipewa chochote aona amefanyiwa hisani na anasema shukran. Basi huu mwongozo ni wa kuijua hio saa moja. Ni wa mtu wa godauni Shimanzi, wa hoteli huko Bamburi, wa EPZ, yaani viwanda vya kuuza nje, wa ofisi ya kliaringi ya mizigo, hata dada anayefanya kazi za nyumba Nyali, mradi umeajiriwa na mtu au kampuni binafsi.

Hatua ya 1: Jua masaa yako ya kawaida yanaishia wapi

Hauwezi kuhesabu ya ziada kama hujui ya kawaida ni mangapi. Anza na mkataba. Sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 yasema kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iandikwe, na ndani ya hio karatasi masaa ya kazi yawemo. Soma. Kama imeandikwa masaa 45 kwa wiki, basi ya kawaida kwako ni 45, usikubali kuambiwa eti sheria yaruhusu 52 kwa hivo tutaanza kuhesabu kutoka 52. Mkataba ukikupa zaidi ya sheria, wa kwako ndo huo. Ukikupa kidogo kuliko sheria, hapo sheria ndo inashinda, hata kama uliweka sahihi mwenyewe ukiwa na akili timamu.

Kama hauna mkataba, au uko lakini haujasema masaa, twenda kwa agizo la jumla la mishahara la serikali. Hilo lasema wiki ya kawaida isizidi masaa 52, yaliyotandazwa kwa siku sita. Anayefanya kazi usiku ni 60. Na siku moja ya kupumzika katika kila siku saba ni haki yako, hio imo kwenye sheria yenyewe.

Kuna kazi ambazo zina agizo lao, walinzi wana lao la 1998, hoteli wana lao, ujenzi pia, maduka ya jumla na rejareja pia. Na kama mahali penu pana chama, yaani Dock Workers Union kule bandarini au KUDHEIHA kwenye mahoteli na majumbani, itisha makubaliano ya pamoja, ile CBA, manake mle mara nyingi masaa ni machache na malipo ni bora. Mwakilishi wa chama hapo kazini anayo au ajua pa kuipata. Watu wanakatwa pesa ya chama kila mwezi na hawajawahi kuiona CBA hata siku moja, mimi hilo hunishangaza.

Hatua ya 2: Tafuta saa yako moja

Hapa ndo penyewe, kwa hivo nitakaa kidogo.

Chukua mshahara wa msingi, ule wanaouita besiki kwenye peislipu. Usiweke alawansi ya nyumba, usiweke ya usafiri. Ugawanye kwa 225. Hio 225 haikutoka hewani, ni masaa 52 mara wiki 52 za mwaka, ukagawanya kwa miezi 12, inakuja 225 na ushee. Agizo lenyewe lasema saa moja ya mtu anayelipwa kwa mwezi isiwe chini ya sehemu moja ya 225 ya mshahara wa chini wa msingi wa kazi yake. Hicho ni kiwango cha chini kabisa cha sheria, lakini ukihesabu kwa besiki unayolipwa kweli ndo hesabu ya haki.

Tuseme wewe ni wa godauni, besiki yako 18,000. Gawanya kwa 225, wapata 80. Saa yako moja ni shilingi 80. Iandike mahali, manake kila kitu kinatoka hapo.

Siku ya kawaida ukipitisha masaa ni mara moja na nusu, yaani 120 kwa saa. Siku yako ya kupumzika au sikukuu ya serikali ni mara mbili, yaani 160 kwa saa. Basi, sheria ni hio tu, hakuna siri nyingine.

Sasa kama mkataba wako ni masaa 45, mambo yabadilika na yabadilika kwa faida yako. 45 mara 52 gawanya kwa 12 ni 195. 18,000 gawanya kwa 195 ni kama shilingi 92, na nusu yake juu inafika 138 na senti. Hebu ona tofauti: mtu aliyefanya masaa 57 kwa wiki, kwa hesabu ya 52 ana masaa 5 ya ziada ya 120, hizo ni 600. Mtu huyo huyo mwenye mkataba wa 45 ana masaa 12 ya 138, hizo zapita 1,650. Kwa wiki moja tu. Ndo maana nikasema mkataba usomwe kwanza kabla ya kufungua kikokotoo cha simu.

Kibarua wa kutwa yeye agawanye pesa ya siku kwa masaa ya siku ya kawaida mliyokubaliana. Ukilipwa 900 kwa masaa 9, saa yako ni mia, na ukibakishwa saa mbili zaidi ni mia tatu juu, sio soda na mkate. Halafu jambo jingine kwa vibarua, ukiwa umefanya kazi mfululizo siku zikafika mwezi mzima kwa jumla, au kazi yenyewe ni ya aina ambayo haiwezi kwisha kabla ya miezi mitatu, sheria yakuhesabu kama mtu wa mwezi, na haki za mtu wa mwezi zinakuja nayo, hata kama kila jioni wapewa pesa mkononi na jina lako halimo kwenye kitabu chochote.

Na kabla hujaenda mbali angalia hio besiki yenyewe kama ni halali. Kwa agizo la Novemba 2024 mfanyakazi wa kawaida asiye na ujuzi hapa Mombasa, sawa na Nairobi, Kisumu na Nakuru, hafai kuwa chini ya 16,113.75 kwa mwezi, na alawansi ya nyumba ni juu ya hapo. Besiki ikiwa chini, saa yako nayo imekuwa chini, na kila ova taimu uliyowahi kulipwa ilikuwa na kasoro tangu mwanzo.

Hatua ya 3: Andika masaa kila siku

Daftari ya shilingi ishirini. Tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, mapumziko, nani alikwambia ubaki, kazi gani. Andika siku hiyo hiyo, usingoje Jumamosi ukumbuke wiki nzima, utachanganya na mtu akikuuliza utababaika. Gawa kurasa ziwe na safu tatu, masaa ya kawaida, ya ziada ya siku za wiki, na ya Jumapili au sikukuu, manake hizi za mwisho zina bei yake na zikichanganywa kwenye jumla ndo huliwa.

Mahakamani hakuna mtu atakuamini ukisema tu "nilikuwa nikiingia saa kumi na mbili asubuhi natoka saa kumi na mbili jioni miaka minne". Kesi nyingi za ova taimu huanguka hapo, mtu ana haki yake lakini ameidai kwa jumla jumla, hana tarehe. Mwajiri anatakiwa aweke rekodi, na asipoleta mkataba wa maandishi kesi ikifika, ni juu yake kukanusha kile unachodai kuhusu masharti ya kazi, lakini usilale ukitegemea hilo, wewe njoo na tarehe zako.

Ushahidi mwingine ni rahisi kupata kuliko watu wanavyofikiria. Rosta iliyobandikwa ukutani. Ujumbe wa supavaiza kwenye WhatsApp akisema "leo hakuna kutoka mpaka kontena ziishe", hio ni dhahabu, piga skrinshoti, itume kwa imeili yako usiiache kwenye simu pekee. Stetimenti ya M-Pesa kama hulipwa kwa simu. Askari ana kitabu cha matukio ambacho huandika akiingia na akitoka zamu. Ila walio ndani ya bandari na kwenye yadi za kontena wajihadhari, mahali pengi mle kupiga picha hakuruhusiwi na utashikwa kwa hilo kabla hujaongea habari ya masaa, huko shika kalamu.

Nini kinahesabiwa? Muda ambao uko chini ya amri ya mwajiri. Umeambiwa ukae yadini usubiri lori la Miritini ambalo limekwama, hio ni kazi hata kama ulikuwa umekaa kwenye kreti. Saa ya chakula ambayo kweli unaachwa uende zako, itoe. Na ferry ya Likoni, samahani sana ndugu zangu wa ng'ambo, foleni ya kivuko ni yako na Mungu wako.

Hatua ya 4: Jua sikukuu zako

Hapa Pwani watu hukosea sana kwa sababu ya Idd. Idd-ul-Fitri ni sikukuu ya serikali kwa wote, Muislamu na asiyekuwa Muislamu, kwa hivo ukiitwa kazini siku hio ni mara mbili. Idd-ul-Azha sheria inaitaja kama sikukuu ya Waislamu, lakini mara nyingi waziri hutangaza kwenye gazeti la serikali ikawa ya wote, hivyo subiri tangazo lile halafu ulihifadhi. Zingine ni mwaka mpya, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, 1 Mei, 1 Juni Madaraka, 10 Oktoba Mazingira, 20 Oktoba Mashujaa, 12 Desemba Jamhuri, Krismasi na siku ya pili yake. Ikiangukia Jumapili, Jumatatu yake inakuwa sikukuu, na hio Jumatatu ndo husahaulika.

Watu wa hoteli mwasikia "kwetu Jumapili ni siku ya kawaida". Ni kweli kabisa, siku yako ya kupumzika yaweza kuwa Jumanne, haina shida, lakini basi ukiitwa hio Jumanne yako ni mara mbili. Haiwezi kuwa hakuna siku yoyote ya mara mbili. Na wale wanaopewa ofu ya badala, sikatai, kuna watu wapendelea kupumzika kuliko pesa hasa mwezi wa Ramadhani, mradi mmekubaliana, imeandikwa, na hio ofu inakuja kweli, sio ofu ya mwezi wa nne inayongojewa mpaka mwezi wa kumi.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya mwezi mzima

Turudi kwa mtu wetu wa 18,000, tumchukue mwezi wa Juni, hana mkataba wa masaa kwa hivo ni 52. Jumatatu hadi Ijumaa aingia saa moja asubuhi atoka saa kumi na mbili jioni, saa moja ya chakula, hio ni 10 kwa siku. Jumamosi masaa 7. Jumla ya wiki 57. Wiki tatu hivyo ni masaa 15 ya ziada, mara 120 ni 1,800. Wiki iliyobaki ina Madaraka ndani, akafanya kazi masaa 10 siku hio, mara 160 ni 1,600, na masaa mengine ya wiki hio ni 47 kwa hivo hayana ziada. Halafu Jumapili moja akaitwa kushusha mchele masaa 8, ni 1,280. Jumla 4,680. Sasa mtu huyu akipewa "alawansi ya ova taimu" ya 2,000 kila mwezi na akaridhika, hesabu mwenyewe kwa mwaka.

Kwenye sikukuu kuna ubishi kidogo. Makarani wengine husema ile siku tayari imo ndani ya mshahara wa mwezi kwa hivo wataongeza mara moja tu ikamilike mbili, mfanyakazi asema mbili zote zije juu. Angalia CBA au mkataba wasemaje, na kama hauna lolote itisha hesabu kwa maandishi ubishane na karatasi.

Kuna mpaka pia. Kwa agizo la jumla masaa ya kawaida na ya ziada yakijumlishwa yasizidi 116 kwa wiki mbili, kwa wa usiku 144. Yaani 58 kwa wiki. Huyu wetu, wiki ile aliyofanya 57 na Jumapili 8 juu, wiki iliyofuata ikiwa 57 tena amefika 122, kampuni imevunja mpaka. Hilo halimnyimi malipo yake, masaa ameshayafanya.

Kuhusu makato msishtuke. Ova taimu ni sehemu ya mapato, kwa hivo SHIF ya bima ya afya 2.75%, tozo ya nyumba 1.5% na NSSF ya uzeeni zitapanda kidogo manake zahesabiwa kwa jumla ya mapato. Kwa viwango vya 2025, PAYE, yaani kodi ya mshahara, haimgusi mtu ambaye mapato yake ya kutozwa kodi hayajapita 24,000, manake relief, ule msamaha wa kodi wa 2,400, yaifuta. Huyu wetu hata akiwa na alawansi ya nyumba 2,700 na hio 4,680, akishatoa hayo makato mengine yuko chini ya hapo. Karani akikwambia "ova taimu yako yote imeenda kwa kodi" mwambie akuonyeshe mstari kwa mstari.

Hatua ya 6: Linganisha na peislipu, halafu uliza

Peislipu yenye maelezo ya kila malipo na kila makato ni haki, sio zawadi. Ova taimu iwe na mstari wake, na ukiweza kupata masaa yaandikwe kando. Ukikuta imeandikwa tu "nyinginezo" uliza.

Uliza kwa adabu na kwa maandishi. Hapa kwetu mtu akianza kwa ukali mambo yageuka kuwa ya heshima badala ya pesa, na ukishaingia kwenye heshima hutoki leo. Ujumbe kama huu watosha:

"Salaam aleikum bosi. Naomba niangaliziwe ova taimu ya Juni. Kwa daftari yangu nina masaa 15 ya siku za wiki, masaa 8 ya Jumapili na masaa 10 ya Madaraka. Kwenye peislipu nimeona 2,000. Naomba karani anionyeshe imehesabiwa vipi. Shukran."

Haujamtukana mtu, haujasema umedhulumiwa, lakini umeacha alama yenye tarehe. Ikiwa mko wengi wenye shida moja tumeni pamoja au kupitia mwakilishi wa chama, manake mmoja ni rahisi kuhamishwa zamu. Na jueni kwamba kulalamika juu ya malipo sio sababu halali ya kumfuta mtu kazi, sheria imelitaja hilo waziwazi, isipokuwa malalamiko yawe ya upuzi yasiyo na msingi. Ndo maana namba zako ziwe safi.

Hatua ya 7: Ikishindikana

Ofisi ya leba ya kaunti. Bure. Beba kitambulisho, mkataba kama uko, peislipu, daftari, na ile hesabu yako kwenye karatasi moja iliyo wazi, tarehe, masaa, bei, jumla. Afisa humwita mwajiri mkae chini, na anao uwezo wa kisheria wa kwenda kukagua rekodi za kazini. Wengi humalizana hapo hapo. Afisa naye ni binadamu, ana watu kwenye benchi tangu asubuhi, ukimpa hesabu iliyokamilika utasikizwa haraka kuliko anayeanza hadithi tangu siku ya kuajiriwa.

Usipopata, ni mahakama. Mishahara ya jumla isiyozidi 80,000 kwa mwezi yaweza kusikizwa na mahakimu walioteuliwa kwa kesi za ajira, zaidi ya hapo ni mahakama ya ajira na kazi, ambayo ipo hapa Mombasa. Muda wa kushtaki ni miaka mitatu, na kwa madhara yaliyokuwa yakiendelea ni miezi 12 baada ya kukoma, ndo nikasema mtu asingoje mpaka astaafu aanze kudai ova taimu za zamani.

Na ukiacha kazi utaletewa karatasi ya kumaliza, yasema umelipwa haki zako zote na hauna dai lolote tena. Usiiweke sahihi ukiwa umesimama mlangoni mtu amekushikia kalamu. Sahihi hio yaweza kukufunga. Omba nakala uende nayo nyumbani usiku mmoja. Wakikataa na pesa waihitaji kweli, andika kando ya sahihi kwa mkono wako "nimepokea pesa hizi, ova taimu bado nadai", weka tarehe, piga picha, halafu ndo uchukue hundi yako.